Kiporo cha utafiti: Mombasa hadi Pate, nyuma ya vita vya 1728 na 1729

Kwa muda mrefu nimekuwa nikikusanya habari za ile miezi ishirini Wareno waliporudi kuitawala Mombasa, tangu Machi 1728 hadi Novemba 1729. Kijitabu cha shule nilichokuwa nikikiandikia kilihitaji ukurasa mmoja tu juu ya jambo hilo, na ukurasa huo umekwishaandikwa. Zilizobaki ni bahasha: orodha za majina, jedwali la matukio mwezi kwa mwezi, ramani ya pepo niliyoichora kwa mkono, na maelezo ya mambo yaliyotokea Oman, Goa na Pate wakati huohuo. Kiporo hiki sitaki kikae kabatini. Vita hivi vilianza kwa uamuzi wa watu wa pwani na vikamalizwa na watu wa pwani, na wajukuu zao wana haki ya kila karatasi niliyo nayo. Kwa hiyo nimefunga safari kutoka Mombasa hadi Pate, nikiacha nakala njiani.

Jumamosi, Mombasa

Nimeanzia Ngome, yaani Fort Jesus, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi huondoka na tarehe mbili tu kichwani: 1593, mwaka Wareno walipoanza kuijenga kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na 1698, mwaka Waomani walipoiteka baada ya kuizingira tangu Machi 1696. Mtu akishasikia hadithi ya mzingiro huo, njaa yake, maradhi yake na ile meli Santo António de Taná iliyozama mbele ya kuta mwaka 1697, anadhani Wareno walikwisha siku ile. Kumbe miaka thelathini baadaye bendera yao ilipanda tena.

Nimekaa kivulini karibu na lango pamoja na mzee mmoja anayeongoza wageni, nikamkunjulia jedwali. Nilitaka aone kwanza jinsi mambo ya Oman yalivyoifungua Ngome. Imamu Sultan bin Saif wa pili, mtawala wa Oman wa ukoo wa Yaarubi, alifariki takriban mwaka 1718, akamwacha mrithi aliye mtoto. Waomani wakagawanyika pande mbili, Hinawi na Ghafiri, wakauana miaka na miaka. Viongozi wa pande zote mbili, Khalaf bin Mubarak na Muhammad bin Nasir, waliuawa katika mapigano ya Sohar mwaka 1728, mwaka uleule. Katika hali hiyo nani angekumbuka kuleta mishahara na baruti Mombasa? Liwali Nasir bin Abdallah al-Mazrui aliasiwa na askari wake mwenyewe, na Ngome ikawa mikononi mwa Sheikh Rumba.

Habari hizo zilifika Goa, makao makuu ya Wareno huku Mashariki. Gavana mkuu wao, João de Saldanha da Gama, alimtuma Luís de Melo de Sampaio na msafara wa meli. Tarehe 12 Machi 1728 Ngome ikasalimu amri.

Hapo mzee aliniwekea kidole juu ya karatasi. "Mwanangu, mara ya kwanza karibu miaka mitatu. Mara hii wamefika na kuingia?"

Swali lake ndilo swali langu la miaka yote. Kuta ni zilezile, nene vilevile. Mahandaki ya mawe ya tumbawe ni yaleyale. Tofauti ni kwamba mwaka 1728 hapakuwa na mtu mjini aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya kikosi kilichokuwa ndani. Mombasa ilikuwa imechoka na askari wasiotii mtu, na Pate, mshindani wake mkubwa wa kaskazini, ndiyo iliyokuwa imewaita Wareno. Vitabu vingi husimulia kana kwamba Sampaio aliiteka Mombasa kwa mizinga yake. Mimi naona alifunguliwa mlango, na waliomfungulia walikuwa na hesabu zao.

Mzee amechukua nakala mbili, moja yake na moja ya kijana anayemfundisha kazi. Ameniomba pia jina la kapteni aliyeachiwa Ngome baada ya Sampaio. Nimemwandikia: Álvaro Caetano de Melo e Castro.

Jumapili, Bandari ya Kale

Leo nimeshinda kwenye ngazi za Bandari ya Kale na ramani yangu ya pepo. Nilimtafuta nahodha mstaafu niliyekuwa nimeelekezwa kwake, mtu aliyeendesha majahazi kabla mashine hazijachukua nafasi ya tanga. Nilitaka kusikia hukumu yake juu ya wazo ambalo sikupata nafasi ya kulieleza katika kijitabu.

Wazo lenyewe ni hili. Kutoka Goa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 4,000 za bahari. Chombo cha tanga huja na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, na hurudi na kusi. Sampaio alifika Machi, mwishoni mwa kaskazi. Sasa tazama uasi wa watu wa Mombasa: ulianza Aprili 1729. Aprili ni wakati kaskazi imekwisha na kusi inaanza kuvuma. Kikosi cha Wareno kikajifungia Ngomeni. Barua ya kuomba msaada ingeweza kwenda Goa na kusi, ndiyo, lakini msaada wenyewe usingeweza kutoka Goa mpaka kaskazi irudi. Kikosi kilisalimu amri tarehe 26 Novemba 1729, kwa njaa, wiki chache tu kabla ya pepo kugeuka vizuri.

Nahodha alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Aliyechagua Aprili alikuwa baharia."

Nikamuuliza kuhusu Msumbiji, maana Wareno walikuwa na kituo kikubwa huko na kusi huvuma kutoka upande huo kuja Mombasa. Hapo alikubali kwamba ramani yangu haifungi mlango wote. Kutoka kusini chombo kingeweza kuja. Lakini msaada wa kuuvunja mzingiro wa mji mzima haukufika, na nahodha ana maelezo yake: kusi ya Juni na Julai ni kali, si ya kuleta vyombo vidogo vilivyojaa chakula mbele ya mji wenye uadui. Nimeyaandika maneno yake pembeni mwa ramani kama maoni ya mwanabahari, yakae hapo na msomaji mwingine ayapime.

Jambo jingine nililomwachia ni karatasi ya madhila. Habari za kale za Mombasa zinalalamikia jinsi Wareno walivyowatendea Waislamu wa mji mara tu walipojiona salama. Upo ubeti wa kale ambao wazee wa hapa bado wanaukumbuka, unaomwambia Manoeli aende zake na msalaba wake autwae. Nahodha aliusoma kwa sauti kabla sijamaliza kuutaja, naye mjukuu wake aliyekuwa karibu akacheka kwa furaha akataka arudie. Nimemwomba kijana aurekodi kwa sauti ya babu yake, na ameahidi kufanya hivyo kesho.

Kabla ya magharibi nilipita makaburi ya Wamazrui karibu na Ngome. Hapa kuna kiporo kingine ambacho kingejaza kijitabu kizima. Baada ya Wareno kuondoka, Mombasa ilipeleka ujumbe Maskati kuomba himaya ya Imamu, na ndani ya ujumbe huo habari za mji zinawataja pia watu wa Mijikenda. Maliwali wakatoka Oman, hatimaye Muhammad bin Uthman al-Mazrui. Oman ilipochukuliwa na Ahmad bin Said wa Albusaidi, Muhammad alikataa kumtii, akauawa Ngomeni 1746. Ndugu yake Ali bin Uthman alitoroka gerezani, akairudisha Ngome mwaka huohuo, kisha katika miaka ya 1750 akaivamia Unguja, na huko akauawa na jamaa yake mwenyewe, Khalaf bin Qadhib, katikati ya vita alivyokuwa anakaribia kuvishinda. Bahasha ya Wamazrui nimeipeleka kwa mwalimu wa historia wa shule ya sekondari mjini. Ameniambia wanafunzi wake wengi wana jina hilo la ukoo na hawajui babu zao waliwahi kuitikisa Unguja.

Jumatatu, njiani

Basi limeondoka alfajiri. Malindi nimepita bila kushuka. Mji huo ulikuwa rafiki wa Wareno tangu 1498, na Wareno walipohamia Mombasa walimleta na mfalme wake, ila katika karne ya 18 ulikuwa umedhoofika na katika vita vyangu hauna neno kubwa. Garsen, daraja la Tana, ukaguzi wa polisi, Witu, ukaguzi tena. Mokowe tumefika jua likiwa limepoa, tukavuka kwa boti hadi Lamu.

Jumanne, Lamu

Katika makumbusho nimesimama muda mrefu mbele ya siwa ya pembe ya Pate, kazi ya karne ya 17. Kwa msomaji wa Ulaya hiki ni chombo kizuri cha kupuliza. Kwa mfuatiliaji wa vita vya 1728 ni ushahidi wa utajiri uliowagombanisha watu. Pembe za ndovu ndizo zilizowaleta Wareno mezani na Pate, na ndizo zilizowatoa mezani. Pate ilitaka mshirika wa kumzuia Mwomani na kuinyenyekesha Mombasa. Wareno walitaka ushuru na biashara ya pembe iwe yao peke yao. Mkataba wa 1728 ulijaribu kuziweka tamaa hizo mbili katika karatasi moja. Haukufika mbali; mwaka uliofuata Pate nayo ikawageukia Wareno, nao wakalazimika kuondoka kule hata kabla ya kupoteza Mombasa.

Jioni nimeketi na walimu kwenye baraza, kahawa ikizunguka. Bi mmoja anayefundisha Kiswahili aliniuliza mbona majina yote ya Wareno yako kamili, jina la baba na la ukoo, ilhali watu wa Mombasa walioizingira Ngome ni "watu wa Mombasa" tu. Nimemwambia ndivyo nyaraka zilivyo. Zilizohifadhiwa kwa wingi ni za Goa na Lisbon, na mwandishi wa Kireno alimhesabu kapteni wake kabla ya kumhesabu mwenyeji. Lakini haikuwa kwamba watu wetu hawakuandika. Katika Hifadhi ya Nyaraka ya Goa ziko barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 na kupelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na marafiki zao wa huku. Ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale kabisa tunayoyajua. Miaka kumi na saba kabla ya Sampaio, wafalme wa pwani walikuwa wakiandikiana siasa kwa lugha yao wenyewe.

"Basi na za Mombasa na Pate zitakuwapo mahali," alisema Bi yule. Ninaamini hivyo, na ndiyo sababu nimemwachia orodha ya majina ya Kireno pamoja na miaka. Mtu akifungua sanduku la karatasi za ukoo akakuta "Saldanha" au "Sampaio" imeandikwa kwa hati za Kiarabu, ajue ameshika nini.

Jumatano, Pate

Boti ya Pate haiulizi saa, inauliza maji. Tumesubiri bamvua lipande ndipo tukapita Mkanda, kati ya Manda na bara, mikoko ikigusa ubavu wa boti. Nimemwonyesha nahodha kijana ramani yangu, akaniambia jambo ambalo hakuna karatasi iliyonifundisha: mji wa Pate unajilinda kwa kina cha maji. Meli kubwa ya vita haiwezi kuusogelea. Mgeni hutia nanga mbali, huteremka katika vyombo vidogo vya wenyeji, na husubiri maji kama kila mtu. Hivyo Wareno wa 1728 waliingia Pate kwa hiari ya Pate. Na walipogeukiwa, mizinga ya meli zao haikuwafaa kitu.

Kutoka Mtangawanda tumetembea hadi mjini. Magofu ya Wanabahani, ukoo wa wafalme wa Pate, yamekaa katikati ya mashamba ya tumbaku. Ukuta wenye vidaka vya kuwekea vyombo vya Kichina, na mbele yake mtu anapalilia. Mzee aliyenipokea ana macho dhaifu, akataka nimsomee yote. "Ndoo, keti karibu," akasema, nami nikasoma kuanzia kifo cha Imamu hadi Novemba 1729.

Nilikuwa nimemwekea yeye karatasi ninayoipenda kuliko zote. Utendi wa Tambuka, wa Bwana Mwengo bin Athumani, uliandikwa hapa Pate, na tarehe yake ni mwaka 1141 wa Hijria, ambao ulianza Agosti 1728. Hebu uweke mwaka huo kando ya jedwali langu. Wareno wako Mombasa. Mkataba wao na Pate ni wa mwaka huo. Na katika mji huuhuu mshairi anatunga kwa mamia ya beti habari za Waislamu wakipigana na mfalme wa Rumi, Herekali, mfalme Mkristo mwenye majeshi yasiyohesabika. Simwiti Mwengo mwandishi wa habari za siku zake, maana kisa chenyewe ni cha kale na kilikuja kwa njia ya Kiarabu. Ila siwezi kuamini kwamba wasikilizaji wa Pate, wakisikia panga zikigongana na Warumi, hawakuwaza meli zilizotia nanga nje ya mwamba. Utungo huo ulisomwa watu wakiwa na Wareno wa kweli mbele yao, na miezi michache baadaye watu hao waliwatoa.

Mzee alianza kusoma beti kwa moyo, polepole, akisahau na kurudi. Mwanawe akakaa, kisha jirani akaja na watoto. Nilifunga daftari. Baadaye aliniuliza kwa nini Pate iliwaita maadui wa babu zake. Nilimjibu ninavyoamini: mfalme wa Pate hakuwaita kwa mapenzi. Alikuwa mfalme wa mji mdogo kati ya mataifa makubwa mawili, akamtumia mmoja kumsukuma mwingine, na mara aliyeitwa alipotaka kuwa mwenye nyumba, akafukuzwa. Mzee akatikisa kichwa. "Pate yetu hiyo," akasema.

Alhamisi, Siyu na Faza

Nimetembea asubuhi hadi Siyu, kisha nikapanda pikipiki hadi Faza. Siyu nilikuwa na karatasi moja ya kuwasomea vijana, nayo ni tafsiri ya maneno yaliyochongwa juu ya lango la Ngome ya Mombasa mwaka 1639. Ni sifa za kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyetumwa kuwaadhibu watu wa pwani baada ya uasi wa Yusuf bin Hassan wa 1631. Jiwe lile linajisifu kwamba kapteni aliwatia adabu Pate na Siyu kwa adhabu isiyowahi kuonekana, hadi kuzibomoa kuta za miji yao.

Vijana walinyamaza, kisha mmoja akauliza kama jiwe hilo bado lipo. Lipo, watu hupita chini yake kila siku. Wengi wao hawakuwa wamewahi kusikia kwamba jina la mji wao limechongwa kwenye lango la Mombasa. Nilipowaeleza kwamba miaka tisini tu baada ya adhabu hiyo Pate ilifunga mkataba na walewale, mabishano yalizuka hadi adhuhuri. Msichana mmoja alisema waliofanya hivyo walikuwa wamesahau. Kaka yake akasema hapana, hakuna aliyesahau, na ndiyo maana Wareno hawakukaa hata miaka miwili. Mimi niko upande wa kaka, na nimewaambia hivyo.

Faza nimeacha seti kamili ya nakala katika shule: jedwali, ramani ya pepo pamoja na maoni ya nahodha wa Mombasa, orodha ya majina, maelezo ya jiwe la 1639, na ukurasa juu ya barua za Kilwa. Mwalimu mkuu amezitia muhuri na kuziweka katika kabati la maktaba. Nimemwomba kila mwanafunzi mwenye bibi au babu aulizwe nyumbani maswali matatu niliyoyaandika nyuma ya jedwali: nani alikuwa mkubwa wa mji wakati Wareno walipofukuzwa, familia gani zinasema zilishiriki, na kama kuna karatasi za kale sandukuni ambazo mwenyewe yuko tayari kuonyesha bila kuzitoa nyumbani. Majibu yatakaa Faza kwanza. Mimi nitaletewa nakala, na nahodha na yule Bi wa Lamu nao pia.

Mkobani nimebakiwa na bahasha ya Sohar na ya Wayaarubi, ambayo ni ya Waomani kuliko ya mtu mwingine. Ijumaa baada ya swala narudi Lamu na boti ya maji ya alasiri, na Jumamosi kuna jamaa anayesafiri kwenda Maskati aliyekubali kuibeba.